Uvimbe na Unene wa Kinyonga wa Kufugwa: Historia ya Elimu Iliyochelewa

Mwili wa kinyonga hutuna kwa sababu nyingi. Hutuna kwa pumzi anapotishwa, kwa mayai jike anapokaribia kutaga, kwa maji yanayojikusanya chini ya ngozi figo zinapodhoofika, kwa usaha, kwa jongo, na kwa mafuta anapolishwa kupita kiasi. Kwa asiyemzoea mnyama huyu, hali zote hizo huonekana kuwa kitu kimoja. Kuzitofautisha ni elimu iliyochukua karne nyingi kupatikana. Sehemu yake kubwa imepatikana katika miaka 40 hivi iliyopita, katika nyumba za wafugaji wa Marekani na Ulaya na katika hospitali za wanyama, na imelipiwa kwa maisha ya vinyonga wengi waliokamatwa Afrika Mashariki, Madagaska na Yemeni. Funzo lake kuu ni kwamba kinyonga ameumbwa kuishi kwa kidogo, na akifungiwa kizimbani anaweza kuuawa na ukarimu wa anayemlisha kama anavyoweza kuuawa na njaa.

Mnyama aliyedhaniwa kula upepo

Miongoni mwa maelezo ya kale kabisa ya mwili wa kinyonga ni yale ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake kuhusu wanyama alieleza mbavu za kinyonga, macho yanayozunguka kila moja kwa upande wake, na vidole vilivyogawanyika makundi mawili. Aliandika kwamba mnyama huyu hubadilika rangi anapojijaza hewa, na kwamba akipasuliwa huendelea kupumua kwa muda mrefu. Aliandika pia kwamba kinyonga hana nyama mwilini ila kidogo kichwani, kwenye mataya na kwenye shina la mkia. Kwa mfugaji wa leo maneno hayo yana uzito wa pekee, maana kichwa na shina la mkia ndizo sehemu ambazo bado hutazamwa kwanza ili kujua kama kinyonga amekonda au amenenepa.

Waliomfuata hawakutazama kwa makini kama yeye. Pliny, mwandishi wa Roma aliyefariki mwaka 79, alidai kwamba kinyonga ndiye mnyama pekee asiyekula wala kunywa, na kwamba huishi kwa hewa tupu. Dai hilo liliaminiwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 1,500, hata Shakespeare akalitumia katika tamthilia ya Hamlet akijua kwamba watazamaji wake wangelielewa bila kuelezwa.

Imani hiyo ilikuwa na chanzo katika mwili wenyewe. Mapafu ya kinyonga ni makubwa kuliko umbo lake linavyoonyesha, na yana matawi membamba yanayopenya kati ya viungo vya tumbo kuelekea nyonga. Akivuta pumzi kwa nguvu, mbavu hufunguka, ubavu hupanuka, na mnyama aliyekuwa bapa hugeuka mpana kwa kitambo kidogo. Akitoa pumzi, hurudi alivyokuwa. Zaidi ya hayo, kinyonga mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asionyeshe dalili ya kudhoofika, na anapokula, ulimi hutoka na kurudi kwa kasi ambayo jicho la binadamu huifuata kwa shida. Mtazamaji aliyeona mwili ukijaa na kupungua, na asione chakula kikiingia, alikata shauri kwamba hewa ndiyo chakula. Kwa hiyo kosa la kwanza lililoandikwa juu ya kutuna kwa kinyonga lilikuwa kuchukua pumzi kuwa shibe.

Imani hiyo ilianza kuporomoka katika karne ya 17. Mwaka 1646 tabibu Mwingereza Thomas Browne alichapisha kitabu cha kupinga imani potofu za zama zake, na sura moja aliitenga kwa kinyonga. Hoja yake ilikuwa wazi: mnyama mwenye ulimi wa kunasia wadudu, tumbo na matumbo hawezi kuwa amepewa viungo hivyo bure. Mjini Paris, wanachama wa Chuo cha Sayansi wakiongozwa na Claude Perrault walichunguza na kupasua kinyonga mwaka 1668, na maelezo yao yakachapishwa mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye mwandishi Madeleine de Scudéry alifuga nyumbani kwake Paris vinyonga walioletwa kutoka Alexandria, akawatazama siku hadi siku, na mwaka 1688 akachapisha simulizi yao. Maandishi hayo ni miongoni mwa ya kwanza Ulaya kumweleza kinyonga kama mnyama wa nyumbani mwenye tabia zake, anayehitaji joto na uangalizi.

Afrika Mashariki: kuogopwa kwanza, kuhesabiwa baadaye

Katika bara ambalo ndilo makao ya aina nyingi za vinyonga, mnyama huyu hakuwa wa kufugwa. Jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kusini humwogopa au humkwepa. Kisa cha kinyonga aliyetumwa kuwapelekea watu habari ya uzima, akachelewa njiani mpaka habari ya kifo ikamtangulia, husimuliwa kwa namna mbalimbali kutoka kwa Wakikuyu hadi kwa Wazulu. Wakulima walimwona shambani na kwenye ua wa nyumba, wakamwacha aende zake, na wengi hawakuthubutu kumgusa.

Kuhesabiwa kwake kitaalamu kulianza mwishoni mwa karne ya 19. Kinyonga mwenye pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, Trioceros jacksonii, alielezwa mwaka 1896 na George Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza, akapewa jina la Frederick Jackson, ofisa wa kikoloni aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Katika Usambara Mashariki, Wajerumani walieleza mwaka 1892 aina iliyopewa jina la Derema. Milima ya Usambara, Uluguru, Udzungwa, Poroto na Meru ilizidi kutoa aina mpya, nyingi zikiwa haziishi popote pengine duniani.

Arthur Loveridge, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi na baadaye Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924, alikusanya vinyonga wengi katika milima hiyo. Thamani ya kazi yake haikuishia kwenye majina. Kwa wanyama aliowapasua, alikuwa na desturi ya kuandika alichokikuta tumboni, hali ya mayai, na minyoo waliyokuwa nayo. Kumbukumbu za namna hiyo zilionyesha hali ya kinyonga wa porini: anakula wadudu wa kila namna, anabeba minyoo, na anaishi kwa kufuata misimu ya mvua. Wadudu wakijaa, hula sana. Kiangazi kikiingia, hula kidogo au hukosa kabisa. Kwa kinyonga wa milimani, usiku huwa wa baridi, na mwili uliopoa hautumii wala hauhitaji chakula kingi. Mafuta anayoyaweka tumboni wakati wa neema ni akiba ya wakati wa dhiki. Mwili huo, ulioundwa kuweka akiba, ndio uliopelekwa baadaye kwenye vizimba ambako dhiki haifiki.

Biashara na wanyama waliokonda

Biashara ya vinyonga hai kwenda Marekani na Ulaya ilikua pamoja na usafiri wa ndege baada ya Vita Kuu ya Pili. Kenya ilipeleka nje vinyonga wa pembe tatu kwa wingi. Tukio la mwaka 1972 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, linaonyesha hali waliyofika nayo. Mwenye duka la wanyama aliagiza dazeni chache za vinyonga hao kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji, akawaachia katika bustani ya nyumba yake ili wapate nafuu. Walipata nafuu, wakatawanyika, wakazaliana, na leo jamii yao iko katika visiwa kadhaa vya Hawaii, ambako huhesabiwa kuwa wageni wanaotishia wadudu na konokono wa asili.

Wakati huo uharibifu wa biashara ulikuwa umeanza kutazamwa. Vinyonga wa aina nyingi waliingizwa mwaka 1977 katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na tangu hapo hawakuruhusiwa kuvuka mipaka bila kibali. Kenya ilisimamisha upelekaji wa vinyonga wake mwaka 1981. Wanunuzi wakageukia Tanzania, iliyopeleka nje vinyonga wa Usambara, Uluguru, Meru na nyanda za juu za kusini, na Madagaska, ambayo mwaka 1995 iliwekewa zuio la kimataifa kwa aina zake zote isipokuwa nne tu.

Wanyama waliopita katika biashara hiyo walikuwa na sura moja. Walikaa siku nyingi katika mifuko na masanduku tangu kukamatwa hadi kuuzwa, bila maji ya kutosha, wakiwa wamebanana na wenzao. Macho yalibonyea, mbavu zilihesabika, mifupa ya nyonga ilichomoza, na minyoo ambayo porini mwili uliimudu ikaushinda mwili uliochoka. Wengi walikufa katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wafugaji kilijifunza kumwogopa kinyonga mwembamba. Kila aliyekula alionekana kupona, na kila aliyenenepa alionekana kushinda mauti. Ushauri wa siku hizo ulikuwa kumpa chakula kadiri atakavyokubali. Ushauri huo ulikuwa wa haki kwa mnyama aliyetoka safarini akiwa nusu mfu. Madhara yalikuja ulipoendelea kutumiwa kwa mnyama ambaye hakuwahi kusafiri wala kushinda njaa.

Kinyonga wa Yemeni na mgeuko wa tatizo

Mnyama huyo alikuwa kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, anayeishi kwa asili Yemeni na kusini magharibi mwa Saudi Arabia. Dume lake hufikia sentimita 60 pamoja na mkia, na hubeba kichwani kishungi kirefu cha mfupa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 wafugaji wa Ulaya na Marekani waligundua kwamba anazaliana kizimbani kwa urahisi ambao haukuonekana kwa aina nyingine. Hukomaa kabla ya kutimiza mwaka, jike huhifadhi mbegu za dume na kutaga zaidi ya mara moja baada ya kupandwa, na hula kwa pupa. Muda si mrefu madukani akawa ndiye kinyonga wa kawaida, akifuatiwa na Furcifer pardalis wa pwani za Madagaska.

Chakula nacho kikawa bidhaa. Nyenje walizalishwa viwandani kwa mamilioni, na mende wa kufugwa wakaongezwa baadaye. Mabuu ya mbawakawa yaliyo makubwa na laini, na mabuu ya nondo wa nta, yaliuzwa kwenye vikopo vidogo. Yana mafuta mengi kuliko nyenje, na vinyonga huyapenda sana. Kinyonga aliyezaliwa kizimbani, asiye na minyoo ya kumnyang'anya, asiye na haja ya kutembea kutafuta windo, aliyewekewa taa ya joto kutwa, alipewa sahani iliyojaa kila siku. Katika hali hiyo akiba ya mafuta huongezeka bila kutumiwa. Mafuta hujaa kwanza katika mifuko miwili iliyo ndani ya tumbo la chini, kisha huingia katika ini, na ini lililojaa mafuta hushindwa kazi yake.

Majike waliumia zaidi. Jike wa kinyonga wa Yemeni hutaga hata asipokutana na dume. Akilishwa sana na kuwekwa kwenye joto kali, mwili wake husoma neema hiyo kuwa msimu mzuri wa uzazi, na hutunga mayai mengi kupita kiasi: 50, 60, hata zaidi ya 80 kwa mara moja, tena mara kadhaa kwa mwaka. Wengine walishindwa kuyatoa wakafa, na wengine walizeeka mapema kwa kumaliza kalsiamu ya mifupa yao. Wafugaji waliolinganisha kumbukumbu zao waliona kwamba jike aliyepunguziwa chakula na joto hutaga mayai machache na huishi muda mrefu zaidi. Ugunduzi huo ulitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na daftari na mizani, na ndio uliobadilisha maana ya unene katika ufugaji wa vinyonga: kilichohesabiwa kuwa dalili ya afya kikaanza kuhesabiwa kuwa dalili ya hatari.

Matabibu, virutubisho na taa

Tiba ya reptilia ilikuwa changa wakati huo. Kitabu kikubwa cha Frederic Frye juu ya tiba na upasuaji wa reptilia wa kufugwa kilitoka mwaka 1981. Chama cha madaktari wa reptilia na amfibia kiliundwa Marekani mwaka 1991, na kitabu cha tiba kilichohaririwa na Douglas Mader, ambacho kimekuwa msingi wa mafunzo, kilitoka mwaka 1996. Katika miaka hiyo jarida dogo la wafugaji lililoendeshwa na Ardi Abate huko California lilikusanya uzoefu wa watu waliokuwa wakihangaika kila mmoja peke yake.

Tatizo lililowashughulisha kwanza lilikuwa matege. Bila mwanga wa jua na bila kalsiamu, mifupa ya vinyonga wadogo ililainika, miguu ikapinda, na taya likavimba. Dawa ilikuwa unga wa kalsiamu na vitamini D3 unaonyunyiziwa wadudu, pamoja na taa za mionzi ya urujuanimno zilizoanza kuuzwa kwa ajili ya reptilia katika miaka ya 1990. Hapa pia ukarimu ulivuka mpaka. Unga wenye vitamini nyingi ulinyunyizwa kila mlo, na vinyonga wengine wakaanza kuonyesha uvimbe laini wa maji shingoni, ambao madaktari huuhusisha na wingi wa virutubisho na udhaifu wa figo. Gary Ferguson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas Christian walichunguza kwa miaka mingi mahitaji ya vitamini na mwanga ya Furcifer pardalis. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kinyonga huyo hujipimia mwenyewe: akiwa na upungufu wa vitamini D mwilini hukaa zaidi kwenye mionzi, na akitosheka hujiondoa. Mwanga anaweza kuukimbia. Unga uliopakwa juu ya chakula chake hawezi kuukwepa.

Kutambua aina za kutuna

Kutokana na historia hiyo, wafugaji na madaktari wamefikia utaratibu wa kutofautisha hali zinazofanana kwa macho.

Pumzi ndiyo ya kwanza kuondolewa shaka. Kinyonga aliyejijaza hewa amepanuka ubavu mzima kwa usawa, mara nyingi amefungua mdomo, ametuna koo na amegeuza ubavu kuelekea kinachomtisha. Hutuna pia anapokaribia kuambua ngozi, ili ngozi ya zamani iachie. Hali hiyo huja na kuondoka ndani ya dakika au saa chache. Isipoondoka, au ikiwa sehemu moja ya shingo imejaa hewa peke yake, huenda kifuko cha hewa kilichoungana na koo kimepata maambukizi.

Unene wa mafuta huja polepole na hauondoki. Sehemu ya kwanza ya kutazama ni kichwa. Kwa kinyonga wa Yemeni mwenye afya, ngozi ya pande mbili za kishungi, juu na nyuma ya macho, huwa imelala karibu bapa. Ikibonyea, mnyama amekonda au amekaukiwa maji. Ikifura na kutokeza nje, amenenepa. Kisha hutazamwa miguu. Miguu ya kinyonga mzuri ni myembamba, na viungo vyake vinaonekana. Ya aliyenenepa hujaa, na ngozi hufanya mikunjo kwenye viwiko na magoti. Shina la mkia huwa mviringo bila kuonyesha mfupa, tumbo huning'inia chini ya tawi, na mnyama hupanda kwa kusitasita. Kwa dume, mfugaji hapaswi kuchanganya unene na vifundo viwili vilivyo chini ya shina la mkia, karibu na tundu la haja, ambavyo ni vya maumbile yake ya uzazi na si ugonjwa.

Mayai hutofautiana na mafuta kwa sababu hukusanyika tumboni na kuacha sehemu nyingine zikiwa nyembamba. Jike mwenye mayai anaweza kuwa na tumbo kubwa lenye vifundo vinavyohisiwa kwa vidole, huku kichwa na miguu vikiwa vya kawaida au vimekonda. Jike wa Yemeni hugeuka kijani cheusi chenye madoa ya buluu na manjano. Siku za kutaga zikikaribia hupunguza kula, hutembea bila kutulia chini ya kizimba na kuanza kuchimba. Kwa hiyo huwekewa chombo chenye mchanga wenye unyevu wa kina cha kutosha. Asipopata pa kuchimba, anaweza kuyazuia mayai. Jike aliyetuna tumbo, akafumba macho mchana, akakaa chini bila nguvu, yuko hatarini na anahitaji daktari siku hiyohiyo. Kwa vinyonga wa pembe tatu wa Kenya na Meru hakuna mayai ya kutaga. Jike hubeba watoto hai kwa takriban nusu mwaka, na kutuna kwake kwa taratibu katika muda huo ni hali ya kawaida.

Uvimbe wa maji huonekana shingoni na mabegani, ukiwa laini, unaobonyea kwa kidole, na mara nyingine unaopungua na kurudi. Hatua ya kwanza ni kupitia upya virutubisho vinavyotolewa na kumpeleka mnyama akapimwe damu na figo. Tumbo lililojaa maji, na si mayai wala mafuta, huashiria ini, moyo au figo kushindwa, na hali ya mnyama huwa tayari mbaya.

Uvimbe mgumu wa mahali pamoja una maana nyingine. Jipu la kinyonga halitoi usaha wa majimaji, kwa sababu usaha wa reptilia huganda ukawa mgumu kama jibini, na kwa kawaida hulazimu upasuaji. Sehemu zinazopata majipu mara kwa mara ni pembe ya mdomo, ambako pana tezi inayotoa uchafu mzito wenye harufu, kando ya taya, na chini ya nyayo. Vifundo kwenye viungo vya miguu, hasa vyenye weupe ndani, huashiria jongo, yaani chembe za asidi ya mkojo zilizoganda kwa sababu figo hazizitoi. Kukaukiwa maji kwa muda mrefu ndiyo njia ya kawaida inayofikisha huko, nacho chakula kingi huongeza mzigo. Jicho lililovimba linaweza kuwa na uchafu, maambukizi au upungufu wa vitamini A, na likiendelea kufumbwa mchana ni dalili ya ugonjwa wa mwili mzima.

Mizani na ratiba ya chakula

Macho hudanganywa na mabadiliko ya polepole, na ndiyo maana mizani ya gramu imekuwa chombo cha lazima. Kinyonga hupimwa kwa kumwacha ashike kijiti kilichowekwa juu ya mizani, kila wiki kwa mdogo na mara moja au mbili kwa mwezi kwa mzima, na uzito huandikwa pamoja na tarehe. Jike wa Yemeni mzima huwa na gramu 100 hivi, na dume huzidi hapo. Lakini idadi moja peke yake haitoshi, kwa sababu umbo, umri na aina hutofautiana. Kinachosema ukweli ni mwendo wa namba. Kupanda polepole kwa miezi, huku ngozi ya kichwani ikifura, ni mafuta. Kupanda kwa wiki chache kwa jike huku kichwa kikibaki vilevile ni mayai. Kupanda kwa ghafla pamoja na uvimbe laini ni maji. Kushuka huku tumbo likitokeza huashiria minyoo, kuziba kwa utumbo au uvimbe wa ndani.

Ratiba ya chakula imebadilika kwa kufuata elimu hiyo. Kinyonga mchanga bado hulishwa kila siku, maana anajenga mifupa. Akikomaa, hulishwa wadudu wachache kila baada ya siku moja au mbili, mabuu yenye mafuta hutolewa kwa nadra, na joto la kizimba hupunguzwa usiku. Aliyenenepa hapunguziwi chakula kwa ghafla. Hupunguziwa hatua kwa hatua, hupewa kizimba kirefu chenye matawi mengi, na wadudu huachiwa huru humo ili awafuate. Kinyonga wa Yemeni hula pia majani na maua, na chakula hicho humpa shughuli na maji bila mafuta.

Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na vinyonga wadogo wa misituni wa jenasi za Rhampholeon na Rieppeleon, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki, waliingizwa katika orodha ya pili ya CITES mwaka uliofuata. Aina zinazouzwa zaidi leo, wa Yemeni na wa pwani za Madagaska, huzalishwa kwa wingi vizimbani, na mara nyingi mfugaji huanza na mnyama ambaye hajawahi kukosa chakula. Anapotuna, uchunguzi hufuata mpangilio uleule: kwanza huondolewa shaka ya pumzi kwa kumwacha atulie, kisha hutazamwa kichwa, miguu na shina la mkia, kisha tumbo hupapaswa taratibu, kisha uzito hulinganishwa na kumbukumbu za nyuma. Kinachobaki bila kujulikana baada ya hapo huamuliwa na daktari kwa picha ya eksirei, mawimbi ya sauti na kipimo cha damu.